Kizuri Hakijiuzi: Vitabu vya Majoka na Wachawi Vilivyobebwa na Vijana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi vijana tunaojaribu kuandika tunaupenda sana msemo huu, maana unaliwaza. Unao mswada wako wa madaftari manne, umeuandika kwa mkono usiku baada ya usiku. Mchapishaji wa kwanza kakuambia urudi mwezi ujao, wa pili hakukujibu kabisa. Basi unajiambia: haidhuru, ipo siku, kizuri chajiuza.

Lakini hebu, ndugu msomaji, tuiulize historia. Tuchukue vitabu vile ambavyo vijana wa mjini tunaazimana mpaka jalada linabanduka: riwaya za maajabu zinazotoka kwa mfululizo, zenye majoka, pete, wachawi na ramani za nchi zisizokuwapo duniani. Wazungu wanaziita fantasia. Leo zimeuzwa kwa mamilioni, na ukiviona vitabu hivyo dukani unadhani vilizaliwa vikiwa vikubwa. La hasha! Ukifuatilia habari zake utakuta hakuna hata kimoja kilichojiuza. Kila kimoja kilikuwa na mtu aliyekisoma mapema, akashindwa kukaa kimya, akamwendea mwenzake na kumwambia: soma hiki. Na mara nyingi mtu huyo hakuwa bingwa wa fasihi. Alikuwa mtoto, au kijana wa rika letu.

Makala hii ni habari za watu hao. Majina ya waandishi mnayajua. Leo tuwape nafasi wasomaji.

SHILINGI MOJA YA RAYNER

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale Oxford, Uingereza, alikuwapo profesa wa lugha aitwaye J.R.R. Tolkien. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza cha kale, ambacho hata Waingereza wenyewe hawakielewi bila mwalimu. Nyumbani alikuwa akiwasimulia wanawe hadithi ya kiumbe mfupi mwenye nyayo za manyoya, mpenda kula, asiyetaka shida na mtu, ambaye siku moja anaburutwa kwenda kutafuta hazina iliyolaliwa na joka. Hadithi akaanza kuiandika na kuipiga taipu, lakini mwisho wake haukukamilika, na hakuipeleka kwa mchapishaji yeyote.

Alichofanya ni kuwaazima watu wachache. Rafiki yake C.S. Lewis aliisoma mwaka 1933. Akaisoma pia Elaine Griffiths, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1936 Susan Dagnall, mfanyakazi wa kampuni ya uchapishaji ya Allen & Unwin ya London, alifika Oxford, na Griffiths akamdokeza kwamba profesa anao mswada usiopaswa kukaa kabatini. Dagnall akauazima, akausoma, akamhimiza profesa aumalize.

Mswada ukafika kwa bosi wa kampuni, Stanley Unwin. Bwana huyu alikuwa na desturi moja nzuri: aliamini kwamba hakimu wa kitabu cha watoto ni mtoto. Akampa mwanawe Rayner, dogo wa miaka kumi. Ujira wake ulikuwa shilingi moja kwa kila taarifa. Rayner akasoma, akaandika taarifa fupi kwa Kiingereza cha mtoto wa shule, kwamba kitabu ni kizuri, kwamba kikiwa na ramani hakihitaji picha, na kwamba kitawafaa watoto wa miaka mitano hadi tisa. Yeye mwenyewe wa miaka kumi, naona, alikwisha kujihesabu mtu mzima!

The Hobbit ikatoka tarehe 21 Septemba 1937, nakala 1,500. Kabla ya Krismasi zilikuwa zimekwisha.

Sasa hesabu mikono. Lewis, Griffiths, Dagnall, Rayner. Ukimtoa mmoja tu katikati, mnyororo unaweza kukatika na mswada ukabaki Oxford ukiliwa na mende. Tena tazama, katika wote hao hakuna aliyeamriwa kuusifia. Griffiths alidokeza tu. Wengi wetu tunakidharau kidokezo cha namna hiyo, tunangoja tangazo la redioni.

Hadithi ya Rayner haikuishia hapo. Miaka ikapita, vita vikaja vikaisha, dogo akawa kijana anayefanya kazi katika kampuni ya baba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tolkien alikuwa na kitabu kingine, kirefu mno, The Lord of the Rings. Rayner akapiga hesabu akaona kampuni inaweza kupata hasara ya pauni 1,000, fedha nyingi wakati ule. Akamwandikia baba yake aliyekuwa safarini Japani. Mzee akajibu kwamba kama mwanawe anaamini kazi hiyo ni ya kipaji kikubwa, basi hasara hiyo inakubalika. Wakaandikiana mkataba usio wa kawaida: mwandishi asingepata kitu mpaka gharama zirudi, kisha faida wagawane nusu kwa nusu. Kwa hiyo msomaji wa miaka kumi alikua akawa mchapishaji, na imani aliyokuwa nayo kwa shilingi moja akawa nayo kwa pauni elfu.

KWA NINI MFULULIZO?

Hapa nataka kusimama kidogo, maana kuna siri ya ufundi inayotuhusu sisi waandishi.

Kitabu hicho kirefu kilitolewa kwa mafungu matatu kwa sababu za gharama. La kwanza lilitoka Julai 1954, la pili Novemba mwaka huohuo. Fungu la pili linaishia pabaya kabisa: shujaa Frodo ametekwa na maadui, na mtumishi wake amebaki nje ya lango. Kisha? Kimya. Fungu la tatu halikutoka mpaka tarehe 20 Oktoba 1955. Karibu mwaka mzima msomaji hana kitabu, ana swali tu. Mtu mwenye swali hakai nalo peke yake. Humtafuta mwingine aliyesoma, wabishane. Na kama hayupo, atamtengeneza: atamwazima rafiki yake fungu la kwanza na la pili, ili apate wa kuzungumza naye.

Hiyo ndiyo nguvu ya mfululizo. Riwaya moja ukiimaliza unaweza kuifunga ukaenda kulala. Mfululizo unaacha pengo kati ya kitabu na kitabu, na pengo hilo hujazwa na mazungumzo ya wasomaji. Nayo fantasia inazidisha, kwa sababu ina mambo ya kubishaniwa: ramani, majina, sheria za uchawi, ukoo wa nani ni upi. Msomaji wa riwaya ya mapenzi anaweza kusema imenigusa, basi. Msomaji wa fantasia atakuuliza: hivi kwa nini hawakupanda wale tai wakubwa wakaruka mpaka mlimani? Na hapo mjadala hauishi mpaka taa izimwe.

Mfano mzuri ni Narnia ya huyo huyo C.S. Lewis. Vitabu ni saba, kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Cha kwanza ni kile cha watoto wanne wanaoingia ndani ya kabati la nguo na kutokea katika nchi ya theluji. Mwanzo wake haukuwa mwororo. Lewis alimsomea Tolkien, na Tolkien hakukipenda. Fikiria rafiki yako mkubwa, tena fundi, anakuambia hapana! Lewis akavunjika moyo. Aliyemwinua ni rafiki mwingine, Roger Lancelyn Green, aliyesomewa mwaka 1949 akamwambia aendelee. Hapa napo kuna funzo: msomaji wa kwanza akikukataa, mtafute wa pili kabla hujachana karatasi.

Vitabu vilipokwisha kutoka, watoto wakaanza kumwandikia Lewis barua. Naye alijibu kwa mkono wake, miaka nenda miaka rudi. Barua hizo zilikuja kukusanywa kuwa kitabu mwaka 1985. Ugomvi mmoja ukajitokeza: visomwe kwa mpangilio gani? Maana kitabu kilichotoka cha sita ndicho kinachosimulia nchi ilivyoumbwa. Mwaka 1957 mvulana mmoja wa Marekani alibishana na mama yake. Mvulana alitaka vifuatwe kama matukio yalivyofuatana, mama alitaka vifuatwe kama vilivyotoka. Kesi ikapelekwa kwa Lewis. Mwandishi akaegemea upande wa mtoto, ila akaongeza kwamba pengine mpangilio si jambo kubwa sana.

Mwaka 1994 kampuni ya HarperCollins ikavipa vitabu namba upya, kwa kufuata mpangilio wa yule mvulana. Mpaka leo wapo wasomaji wanaosema hilo ni kosa, kwamba raha ya kabati inapotea ukianza na asili ya kabati. Mimi niko upande wa mama. Ukiwa wewe ni wa mtoto, vizuri, tukutane tubishane. Ndiyo maana yenyewe.

MWAKA 1965: WASOMAJI WANAMLINDA MWANDISHI

Tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books iliona mwanya katika sheria ya hakimiliki ya nchi ile, ikatoa The Lord of the Rings kwa jalada laini, senti 75 kila kitabu, bila idhini ya Tolkien na bila kumlipa. Vijana wa vyuoni wakavigombania. Bei yake ilikuwa ya mfuko wa mwanafunzi.

Kampuni ya Ballantine, yenye idhini, ikatoa toleo lake mwaka huohuo kwa senti 95. Sasa wewe ni mwanafunzi, fedha za kuungaunga, kitabu ni kilekile. Utanunua kipi?

Tolkien alifanya jambo la kistaarabu tu. Kila alipomjibu msomaji wa Marekani, alimweleza kwamba toleo lile halina idhini yake, na akamwomba awaambie wenzake. Kwenye jalada la toleo lenye idhini kukawekwa maneno yake ya kuwaomba wasomaji wamheshimu mwandishi aliye hai. Wasomaji wakachachamaa. Chama cha waandishi wa hadithi za sayansi nacho kikapaza sauti. Mwaka 1966 Ace ikakubali kumlipa mrabaha na kutolichapa tena toleo lake.

Wakati huohuo vijana wa New York walikuwa wameanzisha chama cha wapenzi wa Tolkien, mwanzilishi akiwa kijana wa shule. Wakavaa beji kifuani zenye kuandikwa kwamba Frodo yu hai. Kitabu cha profesa wa lugha kikawa nembo ya vijana wa mjini, na chanzo cha moto huo hakikuwa tangazo la kampuni. Kilikuwa nakala za mkononi na maneno ya mdomoni.

Nalisema jambo hili kwa sababu kwetu kutoa fotokopi ya kitabu kizima ni kitu cha kawaida, na simlaumu mtu asiye na hela ya kula. Lakini kuna tofauti kati ya kumwazima mwenzio kitabu na kumnyang'anya mwandishi mkate wake. Vijana wale wa 1965 waliiona tofauti hiyo kwa senti ishirini. Walioazimana wakakieneza kitabu. Walionunua toleo la halali wakamlisha mwandishi. Vyote viwili vinahitajika.

KISIWA KIDOGO CHA URSULA

Jarida hili letu ni dogo. Basi niwape habari ya mchapishaji mdogo.

Pale Berkeley, California, palikuwa na kampuni ndogo ya vitabu vya watoto iitwayo Parnassus Press. Mwenyewe, Herman Schein, alimwomba mwandishi mmoja ajaribu kuwaandikia vijana waliovuka utoto. Mwandishi huyo ni Ursula K. Le Guin, na kitabu ni A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka 1968. Ni habari ya kijana Ged, mchunga mbuzi katika kisiwa cha milima, anayepelekwa kusomea uchawi katika kisiwa kingine. Kwa majivuno ya kutaka kuwaonyesha wenzake, anafungua mlango usiofunguliwa, na kivuli kinatoka kumwinda. Kumbuka mwaka: 1968. Shule ya wachawi ilikuwapo katika riwaya karibu miaka thelathini kabla ya Harry Potter.

Baadaye vikafuata The Tombs of Atuan na The Farthest Shore, na miaka mingi mbele vikaongezeka vingine, mpaka viwili vya mwaka 2001. Mchapishaji mdogo alifungua mlango, wakubwa wakapita baadaye.

Lakini jambo linalonigusa ni jingine. Ged si Mzungu. Le Guin alimwandika mwenye ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi. Alifanya hivyo makusudi, kwa kuchoka na mashujaa weupe watupu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wachoraji wa majalada walimchora Ged kama Mzungu. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikatengeneza mchezo kutokana na vitabu hivyo, wakampa nafasi ya Ged mwigizaji mweupe. Le Guin akaandika makala kali ya kupinga. Humo akaeleza kwamba amewahi kupata maneno kutoka kwa wasomaji wasio weupe, kwamba vitabu vyake ndivyo pekee vya aina hiyo walivyojiona wamo, hasa walipokuwa vijana.

Unaona? Jalada lilisema uongo, skrini ikasema uongo, lakini msomaji aliyefungua ndani alikutana na ukweli, akamfikishia mwandishi habari hizo. Le Guin alifariki Januari 2018. Ged wake bado ana rangi ileile aliyopewa ukurasani.

ALICE NA NAKALA 500

Hii mnaijua nusu, niimalizie nusu nyingine. J.K. Rowling alimaliza mswada wa kwanza wa Harry Potter mwaka 1995. Wachapishaji kumi na wawili wakaukataa. Kumi na wawili! Ukafika Bloomsbury, London, kampuni ambayo haikuwa kubwa wakati ule. Mkuu wake, Nigel Newton, akaenda nazo nyumbani kurasa za mwanzo, akampa binti yake Alice, wa miaka minane. Alice akapanda chumbani, akasoma, akashuka anadai nyingine. Hakumwacha baba yake apumue. Kampuni ikanunua mswada.

Mabingwa kumi na wawili wanaolipwa mshahara walikuwa na mswada mkononi wasiuone. Mtoto asiyelipwa kitu aliuona kwa sababu hakuwa akijiuliza kama utauzika. Alikuwa akijiuliza kitatokea nini ukurasa unaofuata.

Tarehe 26 Juni 1997 kitabu kikatoka. Toleo la kwanza la jalada gumu lilikuwa nakala 500, na nyingi zilikwenda maktaba. Wengine husimulia hili kama kichekesho. Mimi naona ndiyo bahati yenyewe. Nakala ya dukani husomwa na mtu mmoja. Nakala ya maktaba hupita mikono hamsini, na kila mkono una mdomo wake. Watoto wakaanza kuambizana kwenye viwanja vya shule.

Ilipofika Julai 2000 vitabu vyake vitatu vilikuwa vimejaza nafasi za juu katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times, na cha nne kilikuwa njiani. Gazeti likaamua kuanzisha orodha ya pembeni kwa ajili ya vitabu vya watoto, ili wakubwa wapate pa kukaa. Watoto walikuwa wamewafukuza watu wazima kwenye viti vyao. Kitabu cha nne kikauzwa usiku wa manane, foleni mitaani. Na cha tano? Miaka mitatu kungoja, mpaka 2003. Lile pengo nililolisema.

KIJANA WA MONTANA

Nimemwacha huyu mwisho kwa sababu ndiye anayefanana nasi zaidi.

Christopher Paolini alizaliwa mwaka 1983. Aliishi na wazazi wake katika bonde la Paradise Valley, Montana, na alisomea nyumbani. Akamaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka kumi na mitano, hana chuo, hana kazi, ana kichwa kilichojaa majoka. Akaanza kuandika Eragon, habari za kijana wa shamba anayeokota jiwe la buluu, kumbe ni yai la joka. Mwaka mmoja wa kuandika, mwaka wa pili wa kuandika upya, mwaka wa tatu wa kusahihisha na kupanga kurasa pamoja na wazazi wake. Jalada akachora mwenyewe. Mwaka 2002 familia ikakichapa kwa fedha zake.

Sasa kizuri si kingejiuza? Hakikujiuza. Kijana alivaa mavazi ya watu wa zama za kati, akazunguka shule, maktaba na maduka ya vitabu zaidi ya mia moja, anasimama mbele ya wanafunzi anazungumza, kisha anakaa mezani kuuza. Chajitembeza? Ndiyo, kilitembezwa, na wala hakikuwa kibaya.

Majira ya joto ya mwaka huo mwandishi maarufu Carl Hiaasen alikuwa likizo Montana pamoja na familia yake. Mtoto wake wa kambo akanunua Eragon katika duka la huko. Akasoma, akamwambia Hiaasen kwamba kitabu hiki ni bomba. Hiaasen akawafahamisha wachapishaji wake, Knopf wa New York. Agosti 2003 Eragon ikatoka upya kwa jina la Knopf, vikafuata Eldest mwaka 2005, Brisingr 2008 na Inheritance 2011.

Nisifiche upande wa pili. Wahakiki wengi walisema Paolini ameazima mno kwa Tolkien na kwa sinema za Star Wars: kijana wa shamba, mzee mwenye siri, mfalme dhalimu. Wana hoja. Lakini wasomaji wa miaka kumi na miwili walimpokea, na yeye aliendelea kuandika na kukomaa mbele ya macho yao. Kuazima si dhambi kwa anayeanza. Dhambi ni kuishia hapo.

NA SISI JE?

Utasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani, wenye maktaba kila mtaa. Sawa. Lakini usiseme kwamba maajabu si yetu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani, yenye wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu na kurudi na habari zisizopendwa na watawala. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, yenye majini, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao. Mambo yote ya fantasia yamo. Tatizo ni kwamba wengi tunakutana na vitabu hivi darasani, tunavikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunavirudisha kabatini. Nani kati yetu amewahi kumwazima mwenzake Kusadikika kijiweni na kumwambia: mshikaji, soma hiki, kuna nchi inaelea hewani?

Tena waandishi wenye asili ya bara hili wamekwisha kuingia uwanjani. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani wa wazazi wa Kinigeria, alitoa Akata Witch, cha kwanza katika mfululizo uliofuatiwa na vingine viwili, 2017 na 2022. Shujaa wake ni Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili anayeishi Nigeria, mwenye ualbino, anayegundua kwamba ana nguvu za ajabu. Hebu kifikirie kitabu hicho mikononi mwa kijana wa Tanzania, nchi ambamo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Humo uchawi haufanywi kwa mwili wa mtoto mwenye ualbino. Yeye mwenyewe ndiye mwenye nguvu, ndiye anayewaokoa wengine. Kitabu kama hicho kikipita darasani mkono kwa mkono, kinaweza kusema jambo ambalo hotuba ya mgeni rasmi haiwezi.

Kwa hiyo, wenzangu wenye miswada, tuache kungoja mlango wa mchapishaji peke yake. Mlango wa kwanza ni msomaji. Mswada wako aliousoma ni nani? Kama jibu ni mama yako na mhariri aliyekurudishia, basi haujaanza safari. Mpe dogo wa darasa la sita sura ya kwanza, usimwambie ni yako, kisha ngoja. Akiirudisha kesho bila neno, kaandike upya. Akija usiku kugonga anaulizia sura ya pili, wewe tayari una Rayner wako, una Alice wako.

Nanyi msioandika, msidhani hamna kazi. Kitabu ulichokipenda kikikaa kwako kimya, umekifungia. Mwanzoni mwa kitabu chako, ndani ya jalada, bandika kipande cha karatasi. Andika jina lako na mstari mmoja wa kwa nini ulikipenda. Mwazime mtu, naye aandike wake chini yako, amwazime mwingine. Kikirudi na majina kumi, tuandikieni hapa jaridani ni kitabu gani na wamesema nini. Na kama kimeandikwa kwa Kiswahili, na mwenyewe yu hai, hakikisheni angalau mmoja katika hao kumi amekwenda kununua nakala yake.